Boti ya Sauti ya Nne

Mtaani kwetu Tunduma maji ya bomba huja yakijisikia. Tunapanga ndoo asubuhi, tunazitazama, jioni tunaziingiza ndani zikiwa kavu. Sasa katika mtaa huo huo, wazee wanne wenye akili zao, waliobatizwa na kupata kipaimara, waliamua kuunda boti. Ziwa lenyewe liko kule bondeni upande wa Ivuna, na kwa barabara ile, ukifika kiuno chako hakikutambui tena. Lakini wazee waliona kinachokosekana Tunduma, mji wenye foleni ya malori mpaka unachoka kuyatazama, ni chombo cha majini. Hongera zao.

Kichwa cha wazimu huo tulimwita Mwalimu. Chaki hakuwahi kuishika. Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, kwa miaka mingi kiasi kwamba wasichana aliowafundisha kuimba sauti ya kwanza sasa wana wajukuu na meno ya kuhesabu. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sijui, na ukoo wenyewe kama una haya utakuwa umekaa kimya. Mimi ninachojua ni kwamba ua wake na wetu zilitenganishwa na mabati yenye matundu, na kwa matundu hayo nimemjua kuliko alivyopenda.

Alivaa koti la suti siku zote, hata siku anachimba shimo la choo. Mfukoni mwa koti alibeba sukari yake kwenye kikaratasi, maana hakuamini kijiko cha mwanamke yeyote. Ukimkaribisha chai anaionja kwanza, anakutazama kwa huruma kama mtu anayekusamehe, halafu anatoa kikaratasi. Nimempikia chai miaka yote hiyo na sijawahi kufaulu. Sala za wenzake zikirefuka kidogo alianza kukohoa. Zake mwenyewe, ugali ulipoa, ukapashwa moto, ukapoa tena, naye bado anawaombea wasafiri walioko angani na majini.

Na majini ndiyo usiseme! Mtu huyu aliogopa maji kama paka. Dimbwi la mvua barabarani alilizunguka mpaka atokee dukani kwa mangi, anunue kiberiti asichokihitaji, ili ionekane alikuwa na safari ya huko. Mimi nilimwambia siku moja, "Mwalimu, maji ukiyavulia nguo shurti uyaoge, sasa wewe boti unaunda ya nini?" Akanijibu, "Mama Ezekia, anayeunda kitanda cha uzazi si lazima azae." Nilikasirika siku nzima.

Lakini kubwa lake lilikuwa hili: hakukosea. Sisemi hakufanya makosa, alifanya mengi tena ya hadharani, ila neno "nimekosea" halikuwahi kupita midomoni mwake. Kwenye harusi moja alianzisha wimbo juu mno, kwaya nzima ikapiga kelele kama kuku walioona mwewe, bibi harusi akaziba masikio. Mwalimu akasema ukumbi ule ulijengwa chini sana. Siku nyingine alivuka kwenda ng'ambo, Zambia, kwenye msiba wa binamu yake. Akaingia nyumba isiyo yenyewe. Akalia huko, akaongoza nyimbo, akala, akasindikiza mpaka makaburini, na jioni alipoulizwa na binamu zake waliomsubiri mtaa wa pili akasema marehemu wote ni ndugu. Wale waliofiwa walimsifu sana, wanamuulizia mpaka leo. "Yule mzee wenu wa besi hajambo?"

Alikuwa na misemo. "Haraka ni ugonjwa wa soprano," alisema, na waimbaji wa sauti ya kwanza walimchukia kwa hilo. "Mbao ikikataa usiipige, iulize." Waliziuliza kweli. Mbao ni mbao, hazikujibu, na mchana ukawa umekwisha.

Namna boti ilivyoanza ni kwamba vijana wa kwaya walinunua kinanda cha umeme na maspika makubwa kama kabati. Wakataka kucheza huku wanaimba, kupiga hatua, kuzunguka, kutupa leso juu. Mwalimu alisema kwaya si mchezo wa ngoma. Basi siku moja baada ya ibada wakamwita mbele, wakampa cheti na blanketi. Ndivyo kanisani kwetu tunavyomwambia mtu nenda. Akapokea, akakunja blanketi vizuri, akatoka, na sauti ya nne nzima ikatoka nyuma yake. Nzima yenyewe ni watu watatu, usidhani ni jeshi. Sauti ya nne ni zile besi za chini kabisa, wazee wa kunguruma.

Wa kwanza tulimwita Fundi, na kazi yake ni majeneza. Duka lake liko njia ya hospitali, mahali penye riziki. Wa pili ni Wakala, aliyekuwa akitoa mizigo ya watu pale mpakani mpaka alipostaafu, na hata leo ukimuuliza saa ngapi anaona kama umemletea nyaraka pungufu. Wa tatu ni Baba Ezekia. Huyo ni mume wangu.

Baba Ezekia aliendesha lori maisha yake yote, Lusaka, Ndola, mpaka Kongo. Nyumbani alikuja kama mgeni, lakini mgeni mwenye maneno. Alisimulia, aliiga sauti za watu, alitukana barabara moja moja kwa jina. Halafu macho yakaanza kumsumbua, daktari akamwambia basi, usukani uache. Akarudi, akachukua kigoda, akakaa mlangoni kutazama malori ya wenzake yakisogea kwenda mpakani. Akanyamaza. Mwanzoni nilifurahi, nikasema Mungu ameniletea mume msikivu. Baadaye nikagundua nimeletewa kabati. Unamuuliza kitu anasema "eeh". Unamuuliza kingine, "hapana". Siku nyingine hata hayo hakuna. Nasema wazi, niliogopa. Nilikuwa nikienda sokoni kuuza maharage yangu nageuka njiani nimtazame kama bado amekaa wima.

Watu wa kumpa moyo walikuja, si haba. Walikaa, wakasema Mungu yupo, wakala, wakaenda. Mwalimu alikuja na koti lake, hakukaa wala hakuuliza hali. Alisema, "Baba Ezekia, nina mbao imepinda, njoo unishikie upande wa pili."

Akaenda. Alirudi jioni ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, akanawa, akakaa mezani, akasema, "Mwalimu ni mjinga sana."

Mwenzangu, sentensi nzima! Yenye mwanzo na mwisho! Nilitaka kutoka nikamkumbatie Mwalimu na ujinga wake wote. Nikamwuliza, mjinga kivipi? Na Baba Ezekia akanieleza ujinga wa Mwalimu, hatua kwa hatua, mpaka mkaa ukawa majivu.

Na kweli ulikuwepo wa kueleza. Katika wazee wanne hakuna aliyewahi kuiona boti kwa karibu, isipokuwa Fundi ambaye shemeji yake ni mvuvi huko Ivuna, na hata Fundi alikwenda kule kufuata chumvi. Hivyo kielelezo walikichukua wapi? Kwenye picha ya shule ya Jumapili. Safina! Wakaunda kitu kina nyumba juu, paa la mgongo wa tembo na kidirisha kimoja cha kutolea njiwa. Watu walikuwa wakipita wanauliza kama twiga wameshalipiwa ushuru. Wakala, kwa uzito wake wote, aliwajibu kwamba wanyama wanapitia lango lingine.

Siku paa lilipokamilika Mwalimu aliizunguka, akagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akatikisa kichwa. "Imeshuka nusu sauti," akasema. Wakaifumua yote.

Ya pili akapewa Fundi aongoze, maana yeye ndiye mwenye mikono. Basi mtu akiunda majeneza tangu ujana wake, mikono inajua njia yake. Ikatoka pana mabegani, nyembamba miguuni, imepakwa vanishi inang'aa, na Fundi kwa mazoea akaweka vishikio sita vya shaba. Mama mmoja aliingia uani kutoa pole. Alikaa kwenye mkeka kabisa, akauliza marehemu ni nani. Baba Ezekia alipokuja kunisimulia hilo alishindwa kumaliza kwa kucheka, akapaliwa na maji, nikampiga mgongoni. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu akicheka anafumba jicho moja.

Hiyo nayo Mwalimu aliigonga akasema haijafika sauti. Wakaifumua.

Sasa namna yao ya kufanya kazi, hebu nikueleze, maana sijui kama Mungu aliwahi kuona nyingine. Mwalimu hakushika msumeno. Alisimama juu ya kreti, mkono hewani, akawahesabia. Moja kwa msumeno kwenda, mbili kurudi. Randa ziliingia kwa pamoja, nyundo ziliingia kwa pamoja, na mmoja akichelewa wote wanarudia tangu mwanzo wa mbao. Mbao zenyewe alizipanga kwa sauti. Aligonga, akasikiliza, akasema hii inakaa chini, hii juu, hii ipelekwe nyuma ikatubu. Baba Ezekia alisema ni upuuzi mtupu, na alisema hivyo huku anagonga kabati langu, meza yangu na mlango wa stoo, ameinamisha kichwa. "Huu mninga," ananiambia, "umesikia? Sauti ya nne huu." Mlango wangu wa stoo!

Mimi sokoni niliwasema vibaya, sitaki kudanganya. Wateja walikuwa wakija kuuliza habari za boti kabla ya kuuliza bei ya maharage, na hata wanawake wa ng'ambo wakishanisalimia, "Mulishani, bamayo," swali la pili lilikuwa, imefika wapi? Niliwaambia imefika pale pale. Kila ikikaribia kuisha Mwalimu aliikuta na kosa. Ubavu wa kulia umezidi, pua imechungulia, misumari imekaa vibaya kimaadili. Na kosa hata siku moja halikuwa lake. Lilikuwa la mbao, la baridi ya Tunduma, au la aliyekata mti huko ulikokatwa.

Kilichommaliza ni shemeji yake Fundi. Alipanda kutoka Ivuna kwa shughuli zake, akapita uani, akaikuta ya mwisho imesimama, ndefu, mbavu sawa, nyufa zimejazwa pamba na lami. Akaizunguka kimya. Akapanda, akakaa, akashuka. Akasema, "Wazee, hii ni boti. Hii naichukua mimi nivulie."

Mwalimu akasema, "Bado kidogo. Ile mbao ya tatu..."

"Haina neno," akasema shemeji.

Akaigonga Mwalimu, akasikiliza, akaigonga tena pale pale. Nilikuwa kwenye tundu langu la bati nikimtazama. Sijawahi kumwona mtu akitafuta kosa kwa shida namna ile, asilipate. Mwisho akasema, "Haya," kwa sauti ndogo, akaenda kukaa kwenye kreti.

Tuliisafirisha kwa fuso. Nami nilikwenda, nani angekubali kukosa? Baba Ezekia alikaa mbele na dereva akamfundisha kuendesha njia nzima, kijana wa watu alivumilia. Tukapita Msangano, tukateremka, joto likatupokea, makoti yakavuliwa isipokuwa moja mnalolijua. Ziwani wavuvi wakatuzunguka, wakasubiri kwa hamu boti ya watu wa milimani izame ili wapate cha kusimulia. Ikateremshwa. Ikayumba kidogo, ikatulia, ikaelea kama imezaliwa pale. Wazee watatu wakapanda, shemeji akashika kasia, wakaanza kuimba besi yao bila sauti nyingine yoyote, wimbo ambao hauna maana bila soprano. Wanawake wa pale walipiga vigelegele hata hivyo.

Mwalimu hakupanda. Alibaki kwenye mchanga, mbali na maji kwa hatua za kutosha, mkono hewani, akiwapigia mapigo. Wakamwita. Akajibu, "Mwalimu hasimami katikati ya kwaya." Mimi nilikuwa karibu naye. Nilimwona anawatazama mpaka wakawa wadogo, na wala hakuwa na furaha. Nikajisemea, huyu mzee kweli hatosheki.

Tukarudi Tunduma bila boti.

Siku ya kwanza Baba Ezekia alilala, nikasema ni uchovu. Siku iliyofuata aliamka, akanywa uji, akachukua kigoda. Akakiweka mlangoni. Nikamwambia leo maharage yamepanda bei, akasema "eeh". Nikamwambia Ezekia amepiga simu, akasema "eeh". Nikamtukania Mwalimu, kwa makusudi kabisa, nikasema yule mzee wenu hana maana na boti yake ni sanduku. Nilitegemea ugomvi. Akasema, "Hapana." Malori yakawa yanasogea, naye anayatazama.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Alasiri moja nikafunga meza yangu sokoni mapema, nikaenda kwa Mwalimu. Kupitia mlangoni, kwa adabu, si kwenye tundu. Ua ulikuwa umefagiliwa mpaka unatia huruma, hakuna hata unyuzi wa mbao. Alikuwa amekaa kwenye kreti, blanketi la kanisa begani.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Mama Ezekia. Umeleta chai?"

"Nimeleta habari za Ivuna. Boti inavuja."

Akainua kichwa. "Nani kasema?"

"Wauza chumvi. Wamepita sokoni."

"Inavuja wapi?"

"Ubavuni."

"Ubavu gani?"

Jamani, uongo nao unataka mazoezi. "Huu," nikasema, nikajishika wa kwangu.

Mwalimu aliutazama mkono wangu pale ubavuni. Halafu akasema, "Juzi alikuja mke wa Wakala. Yeye alisikia inavuja mbele. Jana amekuja Fundi mwenyewe, aliyeipaka lami kwa mikono yake, anasema nyuma. Na leo asubuhi shemeji amenipigia kunishukuru. Anasema tangu aiingize majini hajachota humo hata kikombe kimoja."

Nikatazama chini.

"Mama Ezekia, boti yangu haivuji."

"Najua."

"Haivuji popote. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya ikatimia. Kila mwenye masikio Ivuna anaisifu."

"Najua, Mwalimu. Lakini Baba Ezekia hasemi. Amerudi kwenye kigoda. Mimi naogopa, naogopa sana." Machozi yakanitoka, sikuyafuta.

Akakunja blanketi, akaliweka juu ya kreti, akasimama, akavuta koti lake sawasawa mbele na nyuma kama siku ya sikukuu.

"Yupo nyumbani?"

"Atakuwa wapi?"

Akanitangulia. Barabarani, mbele ya geti letu, kulikuwa na dimbwi, akalizunguka. Baba Ezekia alikuwa mlangoni. Mwalimu akasimama mbele yake, akamzibia malori yake yote.

"Baba Ezekia," akasema. "Nimekosea."

Majirani wawili waliokuwa kwenye ndoo zao waligeuka. Mimi mwenyewe nilidhani nimesikia vibaya.

"Boti inavuja," akaendelea. "Vipimo vyangu vilikuwa vibaya tangu mwanzo. Mbao zilikuwa nzuri, ninyi mlikuwa wazuri, mimi ndiye sikujua. Itabidi tukailete, tuifumue."

Baba Ezekia akanyanyua uso taratibu. "Inavuja wapi?"

"Kila mahali," akasema Mwalimu.

Kigoda kikaanguka. "Nilikwambia!" Baba Ezekia alikuwa amesimama, kidole hewani. "Nilikwambia ile mbao ya tatu, Mwalimu, nilikwambia mbele ya Fundi! Ukasema inaimba! Mbao inaimba wapi? Mtu mzima, unagonga mbao unasikiliza kama mganga! Na ile pamba, nani alisema pamba ile ile ya magodoro? Nani?"

"Ni mimi," akasema Mwalimu.

"Na hao watu wa ziwani sasa wanasemaje? Wanatucheka!"

"Wanacheka sana."

Mwalimu alikuwa amesimama wima ndani ya koti lake, anatukanwa na mtaa mzima unasikia, anatikisa kichwa na kusema ndiyo, kweli, ndiyo. Mimi nikaingia jikoni, nikalia kidogo, nikabandika maji ya ugali wa watu watatu. Nje Baba Ezekia alikuwa bado hajafika hata kwenye misumari.